Mstari Hufungwa Saa Ngapi?

Katika mambo ambayo mtu hudhani anayajua mpaka siku atakapoulizwa, sidhani kama liko linalolipita hili la saa. Sisi watu wa mwambao, na wenzetu wengi walioipokea lugha hii mpaka kwenye maziwa makuu, tumezoea kuianza hesabu ya mchana pale jua linapochomoza na hesabu ya usiku pale linapokuchwa; na kwa kuwa tunakaa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hugawana siku takriban nusu kwa nusu mwaka mzima, hesabu hiyo imetutosha kwa safari, kwa biashara, kwa ngalawa za kwenda na kurudi, na kwa kualikana harusini, bila ya yeyote kulalamika kwamba alipotezwa. Walakini iko siku moja, aghalabu kila baada ya miaka mitano, ambayo saa hiyo hiyo tuliyoizoea kama kanzu ya nyumbani humgeuka mtu, akaikosa haki yake kwa robo saa. Nayo ni siku ya kupiga kura.

Nina jirani yangu, kijana msomi, asiyeachana na simu hata akiwa mezani. Mwaka 2020 alisoma tangazo lililosema, kwa Kiswahili safi, kwamba vituo vitafunguliwa saa 1:00 asubuhi. Naye, kwa kuwa usingizi ulikuwa umekwisha kumchota, akaitia 1:00 hiyo katika kengele ya simu kama alivyoiona kwenye karatasi, na simu, ambayo haina habari na desturi za mwambao, ikamwamsha saa saba ya usiku. Alikoga, akavaa, akaenda zake mpaka uwanja wa shule palipokuwa na kituo, asimkute mtu ila mlinzi aliyejifunga shuka, ambaye alimtazama kwa huruma akamwuliza, “Kaka, umeota nini?” Kosa lake lilikuwa la kuchekwa, wala halikumgharimu kitu isipokuwa usingizi. Upande wa Kenya, ambako karatasi za serikali aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, mambo ni kinyume: mpiga kura huiona sita kwa macho, na ulimi wake hutamka kumi na mbili, bila hata yeye mwenyewe kutambua kwamba amefanya hesabu njiani.

Basi na tuliseme jambo lenyewe kwa uwazi. Katika Tanzania, Bara na Zanzibar, vituo vya kura hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Katika Kenya hufunguliwa saa 12:00 asubuhi na kufungwa saa 11:00 jioni. Mtanzania basi ana saa tisa za kuitafuta kura yake, na Mkenya ana kumi na moja. Na ingawa saa za ukutani za nchi hizi mbili ni mamoja, mtu wa Lungalunga huanza kupiga kura, ikifika zamu ya nchi yake, saa moja mapema kuliko jirani yake wa Horohoro, na humaliza saa moja baada yake. Uganda hufuata muda wa Tanzania. Rwanda, katika uchaguzi wa tarehe 15 Julai 2024, ilianza saa moja asubuhi na kufunga saa tisa alasiri, tena kwa saa za kwao, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja kamili, hata anayevuka daraja la Rusumo kutoka Tanzania huipata tena saa aliyokwisha kuitumia.

Jua nalo lina neno lake. Saa kumi na mbili ya Kenya, ijapokuwa huitwa ya asubuhi, si mchana bado: mwezi wa Agosti jua huchomoza Mombasa karibu na saa kumi na mbili na nusu, na kule Busia mpakani huchelewa zaidi ya hapo, kwa hiyo watu wa kwanza huingia kupiga kura wakiwa bado na tochi mkononi. Tanzania nayo, kwa upana wake, ina saa moja ya ukutani lakini asubuhi nyingi. Kutoka Mafia hadi Kigoma ni kiasi cha digrii kumi za longitudo, nazo ni dakika arobaini za mwendo wa jua, hata wakati kituo cha Mafia kinapofunguliwa watu wakiwa wamekwisha kuanza kutafuta kivuli, huko Kigoma ndiyo kwanza umande unakauka. Sheria haikuwatofautisha, na nadhani ilifanya vyema, maana lau kila mkoa ungefuata jua lake tusingejua lini uchaguzi ulianza wala lini ulikwisha.

Naeleza haya yote kwa sababu ya shangazi yangu wa Tanga. Tanga na Mombasa, kama ajuaye pwani anavyojua, ni miji miwili ya ukoo mmoja. Watu wameoana, wamezikana, na jioni hupigiana simu kuulizana bei ya samaki. Jumapili ya tarehe 25 Oktoba mwaka 2015, shangazi alikuwa na wageni wa maulidi, mambo yakamzidi, na alipoanza kusema kwamba amechelewa, binamu yake wa Mombasa akamtuliza kwenye simu: usihangaike dada, vituo hufungwa saa kumi na moja, una wasaa. Binamu huyo hakusema uongo. Alisema kweli ya Mombasa. Shangazi akamaliza kuosha vyombo, akajitanda buibui, akafika kituoni saa kumi na robo, akawakuta watu sita wamesimama mlangoni na nyuma yao askari mmoja kijana, amesimama wima kama aliyetiwa msumari.

“Shikamoo bibi,” askari akamwambia.

“Marahaba mwanangu. Nipishe nishike mstari.”

“Mstari umekwisha, bibi yangu. Mimi ndiye mwisho wake.”

Mtu wa sita katika mstari ule, aliyekuwa mbele ya askari, alikuwa mwana wa jirani yake shangazi, kijana aliyeingia mstarini dakika mbili kabla ya saa kumi. Naye alipiga kura yake ilipokaribia saa kumi na nusu, shangazi akimwona kwa macho, ilhali yeye mwenyewe, aliyepiga kura tangu wakati wa chama kimoja, alirudi nyumbani na kitambulisho chake mkobani. Hakumlaumu askari. Alimlaumu binamu yake kwa muda wa miezi mitatu.

Katika kisa hicho kidogo mna jambo kubwa ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba kinachofungwa saa ya mwisho ni mstari. Mlango hubaki wazi. Tanzania hufanya kama alivyoona shangazi: ikitimia saa kumi kamili, askari husimama nyuma ya mtu wa mwisho, na yeyote aliye mbele yake, awe wa kwanza au awe wa mia, hupiga kura hata kama giza litaingia, ajaye baadaye hana lake. Kanuni za Kenya nazo zinamhifadhi vivyo hivyo kila aliyekuwa mstarini ilipofika saa kumi na moja. Kwa hiyo mtu anayefika saa kumi kasorobo, akauona mstari umezunguka uwanja mara mbili, akasema moyoni mwake kwamba haiwezekani na akageuza njia, huyo amejinyang'anya mwenyewe haki ambayo sheria ilikuwa imemwekea. Asimame tu.

Wala tusidhani kuwa hekima hii ilikuwa dhahiri kwa kila taifa. Uingereza, ambayo vituo vyake hukaa wazi tangu saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, ilikuwa na sheria iliyotaka mpiga kura awe amekwisha kukabidhiwa karatasi yake kabla ya saa ya kufunga. Na katika uchaguzi mkuu wa tarehe 6 Mei 2010, katika miji kama vile Sheffield na Manchester na sehemu kadha wa kadha za London, watu waliokuwa wamesimama mstarini kwa muda mrefu walifungiwa nje kengele ilipogonga saa nne, wengine wakabisha, wengine wakakataa kuondoka. Bunge la huko likaibadili sheria mwaka 2013, na sasa aliye mstarini hupiga kura. Mara nyingi hutazama kwa wenzetu wa Ulaya tukitaka kujifunza taratibu za uchaguzi. Katika hili la mstari, askari wetu wa Tanga angeweza kuwa mwalimu.

Hayo ni ya kufunga. Ya kufungua yana mitihani mikubwa zaidi, kwani kufunga ni kazi ya mtu mmoja na saa yake, na kufungua ni kazi ya malori, mashua, makarani, karatasi, wino na masanduku, ambavyo vyote sharti vikutane mahali pamoja alfajiri moja. Kabla mpiga kura wa kwanza hajaingia, msimamizi wa kituo huyafungua masanduku mbele ya mawakala wa vyama, akayainua wayaone kuwa ni matupu, kisha huyafunga kwa lakiri zenye nambari, na mawakala huziandika nambari zile. Na siku hizi, katika nchi kama Kenya, kuna mashine ya kutambua alama za vidole ambayo nayo lazima iwashwe na ikubali kuwaka. Kikikosekana kimoja katika hivyo, saa moja ya tangazo hubaki kwenye tangazo.

Wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 29 Oktoba 1995, siku ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo uliporejeshwa, watu walitoka majumbani alfajiri wakavikuta vituo havina karatasi, vingine havina wasimamizi; vikafunguliwa mchana vilivyobahatika kufunguliwa, na vingine visifunguliwe kabisa. Matokeo yake, uchaguzi katika majimbo yote saba ya jiji ulifutwa, ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Miaka mitano baadaye, Oktoba 29 ya mwaka 2000, kasoro za namna hiyo hiyo ziliipata Zanzibar, na Tume ya huko ikaufuta uchaguzi katika majimbo 16, watu wakarudi tena vituoni tarehe 5 Novemba. Kampala na wilaya ya Wakiso zilionja yayo hayo tarehe 18 Februari 2016: vituo vingi vilichelewa kwa saa kadhaa, muda ukasogezwa mpaka saa moja jioni, na vipo vilivyopiga kura kesho yake. Kongo ndiyo iliyopita wote. Uchaguzi uliopangwa kufanyika tarehe 20 Desemba 2023, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ulimwagika ukaingia siku ya pili, na mahali pengine ukazidi hapo, katika nchi ambayo tangu asili ina saa mbili mbalimbali za ukutani, Goma na Lubumbashi zikitangulia Kinshasa kwa saa moja nzima.

Somo alipatalo mwananchi katika misiba hiyo ni jepesi kulitaja na zito kulifuata, yaani asiondoke. Kituo kilichochelewa kufunguliwa hakimnyang'anyi mtu haki yake. Kenya, kwa mfano, hukifidia kituo cha namna hiyo kwa kukiongezea muda mwishoni kadiri ya ule uliopotea mwanzoni, na katika uchaguzi wa mwaka 2022 jambo hilo lilifanyika. Ila nyongeza hiyo hutangazwa na msimamizi wa kituo au na Tume yenyewe. Haitangazwi na bodaboda aliyeko njia panda, wala na ujumbe usio na mwenyewe unaoruka kutoka simu hii kwenda ile ukisema kwamba leo ni hadi saa mbili usiku. Nimewahi kuupokea ujumbe wa aina hiyo mara mbili katika siku moja, kila mmoja ukiwa na saa yake.

Kuna pia jambo la siku kubadilika, si saa peke yake. Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja tu kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume iliahirisha uchaguzi wa magavana wa Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi za kura zilikuja zikiwa na picha na maelezo yasiyo ya wagombea wenyewe. Watu wa kaunti hizo wakapiga kura za nafasi nyingine kesho yake kama kawaida, kisha wakamngoja gavana hadi tarehe 29. Zanzibar nako kuna kura ya mapema, inayopigwa siku moja kabla na askari na watumishi wa uchaguzi ambao kesho yake watakuwa kazini. Nayo ni yao peke yao, ndiyo maana kila mara hupatikana mtu mwema anayewaona wenzake wakipiga kura, akatoka mbio kwenda kujipanga, akarejeshwa.

Walio ughaibuni wana hesabu yao. Mwaka 2022 Kenya iliweka vituo katika nchi 12, zikiwamo Tanzania, Uganda, Qatar, Ujerumani, Uingereza, Kanada na Marekani, na kila kituo kilifuata saa za mahali kilipo, kwa hiyo Nairobi ilipofunga, wa Marekani walikuwa asubuhi. Na wale waliokwisha kuwa raia wa Marekani, kama wengi wa ndugu zetu Wakongo waliohamia Kentucky, wamekuta nchi isiyo na saa moja ya kupiga kura hata kidogo, kwani kila jimbo hutunga yake: New York hukaa wazi mpaka saa tatu usiku, Kentucky hufunga saa kumi na mbili jioni, na Oregon haina habari ya kufungua vituo, kwa maana kura hupelekwa kwa posta. Tena Kentucky imepasuliwa na mpaka wa saa, hata Mswahili wa Lexington anapofungiwa mstari, jamaa yake wa Bowling Green, katika jimbo hilo hilo na chini ya sheria hiyo hiyo, bado ana saa nzima mkononi. Mtu aliyetoka Goma akasikia hayo hatashangaa sana. Atauliza tu yeye yuko upande gani.

Mintarafu ya pa kuulizia, milango ni michache na haina fumbo. Tanzania Bara ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Zanzibar ni Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, na Kenya ni Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Kila moja hutoa tangazo lake kwa redio, magazeti na mtandao, na ofisi zake za jimboni hujibu anayekwenda kwa miguu. Mimi hupendelea njia ya kizee: siku chache kabla ya uchaguzi, majina yanapobandikwa ukutani, nenda ukalitafute jina lako, kwa kuwa swali la saa na swali la mahali ni mapacha, na anayejibu moja akaliacha jingine amefanya nusu ya kazi. Kenya kila kituo hakizidishi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja yaweza kuwa na vituo vitano au kumi, kila chumba na herufi zake za majina. Na mtu asiyekijua chumba chake husimama saa mbili katika mstari wa watu wengine, akafika mezani akaambiwa si hapa. Wakenya, katika uchaguzi wa 2022, waliweza hata kulitafuta jina kwa kutuma ujumbe wa simu kwenda nambari 70000. Aliye mzee, mgonjwa, mjamzito, mwenye kunyonyesha au mwenye ulemavu ana haki ya kupelekwa mbele, ila hiyo nayo humfaa aliyefika kabla ya askari kusimama nyuma ya mstari.

Shangazi yangu alikwenda kituoni uchaguzi uliofuata, Jumatano ya tarehe 28 Oktoba 2020, akiwa amekwisha kuswali alfajiri, akawa mtu wa nne, na saa mbili haijatimia alikuwa amekwisha kurudi nyumbani na kidole chenye wino, akakaanga maandazi. Binamu yake wa Mombasa, kwa mujibu wa Katiba yao inayotaka Jumanne ya pili ya Agosti, atapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Basi wewe uliye na jamaa ng'ambo ya mpaka, siku utakapompigia simu kumkumbusha kura yake, mtajie saa, umwambie kama ni ya Kiswahili au ya Kizungu, kisha mtajie na nchi.